Kuku mgeni bandani: Maradhi anayoingia nayo na namna ya kujikinga

UFUGAJI wa kuku wachache nyuma ya nyumba ni sehemu ya maisha ya familia nyingi za mijini. Matetea kumi au ishirini pamoja na jogoo mmoja hutosha kuipatia familia mayai ya kula, kitoweo cha wageni na fedha kidogo za kulipia ada au dawa pale mshahara unapokuwa umekwisha.

Hata hivyo, akiba hiyo iliyojengwa kwa mwaka mzima huweza kupotea ndani ya wiki moja, na mara nyingi chanzo chake ni jambo dogo ambalo mfugaji hulifanya kwa nia njema: kununua kuku wawili au watatu wapya na kuwaachia siku hiyo hiyo wachanganyike na wale wa zamani.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa upande wa kuku mambo huweza kuwa kinyume kabisa, kwa kuwa mgeni anaweza kuingia akiwa na afya njema machoni pa watu, naye mwenyeji akafa.

Magonjwa ya kuku huingia bandani kwa njia nyingi, zikiwamo viatu na nguo za watu, matenga, trei za mayai, ndege wa porini, panya na maji machafu. Lakini kuku hai ndiye njia kuu, kwa sababu hubeba vimelea ndani ya mwili wake, huvizalisha, na kuvimwaga kila siku kupitia kinyesi, makamasi na manyoya.

Safari ya kuku wa sokoni

Ili kuielewa hatari hiyo, ni vyema kufahamu safari ya kuku kabla hajafika mikononi mwa mnunuzi wa mjini.

Kuku wengi wa kienyeji wanaouzwa Dar es Salaam hutoka mikoa ya mbali kama vile Singida, Dodoma na Tabora. Mchuuzi huwakusanya mmoja mmoja kutoka kaya nyingi, vijiji vingi, kisha huwachanganya katika tenga moja na kuwasafirisha juu ya basi au lori kwa saa nyingi bila maji ya kutosha.

Kwa namna hiyo, tenga moja huwa limekusanya vimelea vya kaya zote ambako kuku hao walitoka. Joto, kiu, njaa na msongamano hupunguza kinga ya mwili, na kuku aliyekuwa na ugonjwa uliojificha huanza kutoa vimelea kwa wingi.

Lipo pia jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii. Ugonjwa unapoanza kuua kuku katika kijiji, wenye kuku ambao bado wanasimama hukimbilia kuwauza kabla hawajafa. Ni uamuzi unaoeleweka kwa mtu ambaye mali yake yote inateketea, lakini matokeo yake ni kwamba wakati wa mlipuko ndio wakati kuku wengi huingia sokoni kwa bei ya chini.

Kwa hiyo, bei inaposhuka ghafla bila sababu ya wazi, hasa katika miezi ya kiangazi kabla ya mvua za vuli, mfugaji anapaswa kujiuliza kabla ya kufurahia. Rahisi hiyo huweza kumtoka ghali.

Kideri, muuaji mkuu

Ugonjwa unaoogopwa kuliko yote katika ufugaji wa kuku wa kienyeji ni kideri, unaoitwa pia mdondo. Kitaalamu unajulikana kama ugonjwa wa Newcastle, jina lililotokana na mji wa Newcastle upon Tyne nchini Uingereza ambako ulitambuliwa katika miaka ya 1920.

Kideri husababishwa na virusi na hakina dawa ya kutibu. Kikiingia katika kundi ambalo halijachanjwa, aina kali ya virusi hivyo huweza kuua kuku tisa kati ya kila kumi, na wakati mwingine wote.

Dalili zake ni pamoja na kuku kuzubaa, kukosa hamu ya kula, kupumua kwa shida, kuharisha kinyesi cha kijani, kupooza miguu au mabawa na kupinda shingo. Matetea huacha kutaga au hutaga mayai yenye maganda laini.

Muda kati ya kuku kuambukizwa na kuonyesha dalili ni kati ya siku 2 na 15, na mara nyingi ni siku tano au sita. Hapo ndipo penye mtego. Kuku aliyeambukizwa jana sokoni leo anakula vizuri, anawika na anatembea kama kawaida. Anaweza kuanza kumwaga virusi kabla ya yeye mwenyewe kuonekana anaumwa.

Aidha, kuku aliyechanjwa anaweza kuambukizwa virusi vya kideri asiugue, lakini akavitoa kwa siku kadhaa. Kauli ya muuzaji kwamba kuku wake wamechanjwa ni habari njema kwa kuku hao, lakini haimaanishi kwamba hawawezi kuwaambukiza wengine. Bata nao huweza kubeba virusi hivyo bila kuonyesha dalili zozote.

Waliopona lakini bado hatari

Lipo kundi la pili la magonjwa ambalo hatari yake ni ya siri zaidi. Katika magonjwa hayo kuku huugua, hupona na kunenepa, lakini vimelea hubaki mwilini mwake kwa miezi au maisha yake yote.

Mojawapo ni mafua makali ya kuku yanayosababishwa na bakteria, ambayo huvimbisha uso na kutoa makamasi yenye harufu mbaya. Dalili huonekana siku moja hadi tatu baada ya maambukizi. Kuku hutibiwa na kupata nafuu, lakini aliyepona huendelea kuwa mbebaji, naye anapouzwa huanzisha ugonjwa upya kwa mnunuzi.

Ndivyo ilivyo pia kwa mafua sugu yanayosababishwa na vimelea vya maikoplazma, na kwa homa ya matumbo ya kuku inayosababishwa na bakteria wa salmonela. Vimelea hivyo huweza kupita ndani ya yai hadi kwa kifaranga, hivyo kununua mayai ya kuatamiwa au vifaranga badala ya kuku wakubwa hakuondoi hatari yote.

Ugonjwa wa Marek, ambao hupoozesha miguu na kuleta uvimbe ndani ya mwili, husambazwa na vumbi la manyoya. Virusi vyake hukaa muda mrefu bandani, na dalili huweza kuchukua wiki nyingi hata miezi kujitokeza. Chanjo yake hutolewa kwa kifaranga siku anayototolewa, na ndiyo sababu mnunuzi wa vifaranga hushauriwa kuuliza kiwanda cha kutotolesha iwapo chanjo hiyo imetolewa.

Ndui ya kuku, yenye vinundu kwenye upanga na sehemu za uso zisizo na manyoya, huenezwa na mbu pamoja na majeraha ya kupigana. Magamba ya vidonda yanayokauka na kudondoka huweza kuhifadhi virusi kwa miezi mingi ndani ya banda.

Wadudu nao wasisahaulike. Kuku mgeni huweza kuingiza chawa, utitiri, viroboto wanaoganda kuzunguka macho, na papasi wa kuku, ambao hujificha mchana katika nyufa za kuta na mbao na kutoka usiku kunyonya damu. Papasi huweza kukaa muda mrefu bila kula, na wakishaingia bandani kuwaondoa ni kazi ngumu kuliko kuwazuia.

Tumboni, kuku mgeni huweza kuwa na minyoo na vimelea vya koksidia vinavyosababisha kuharisha damu, hasa kwa kuku wadogo. Kinyesi chake kikichanganyika na matandazo yenye unyevu, vimelea hivyo hukomaa ndani ya siku moja au mbili na kuwa tayari kuambukiza.

Hatari ya mafua ya ndege

Kwa wakazi wa mijini, suala hili halihusu kuku peke yao. Mwaka 1997 virusi vya mafua ya ndege vya aina ya H5N1 viliambukiza watu 18 huko Hong Kong, na sita kati yao walifariki dunia. Mwaka 2006 virusi hivyo viliripotiwa Nigeria, ikiwa ni mara ya kwanza barani Afrika, na mwaka 2017 Uganda ilithibitisha mlipuko wa mafua ya ndege kando ya Ziwa Victoria.

Hofu hiyo ndiyo iliyozifanya nchi nyingi kudhibiti uingizaji wa kuku na vifaranga mipakani. Mwaka huo wa 2017 mamlaka za Tanzania ziliteketeza vifaranga 6,400 waliokamatwa Namanga wakiingizwa kutoka Kenya, hatua iliyozua mjadala mkubwa katika nchi zote mbili.

Mantiki inayotumika mpakani ndiyo ile ile inayopaswa kutumika katika lango la mfugaji mdogo: ndege asiyejulikana alikotoka wala afya yake asiingie moja kwa moja.

Wenyeji nao huua wageni

Hatari huweza pia kwenda upande wa pili. Kuku waliokaa muda mrefu katika banda moja huwa wamezoea vimelea vya mahali hapo na kujijengea kinga. Kuku mpya, hasa mdogo, huingia bila kinga hiyo, huugua na kufa, wakati wenyeji wanaendelea vizuri.

Mfugaji katika hali hiyo humlaumu muuzaji, kumbe ugonjwa ulikuwa nyumbani. Mfano ulio wazi ni wa bata mzinga. Kuku huweza kubeba minyoo yenye vimelea vinavyoshambulia ini bila wao kudhurika sana, lakini bata mzinga wanaofugwa nao sehemu moja hufa kwa wingi. Ndiyo maana wataalamu wa mifugo huonya dhidi ya kuwafuga ndege hao pamoja.

Wageni wasiohesabiwa

Wafugaji wengi huwa waangalifu wanaponunua kuku wa kufuga, lakini husahau kuku wengine ambao hawaonekani kuwa wageni.

Wa kwanza ni kuku wa sikukuu. Siku chache kabla ya Idi, Krismasi au harusi, kuku hununuliwa sokoni na kufungwa kamba mguuni uani akisubiri kuchinjwa. Kwa siku mbili au tatu hizo hula chakula kimoja na kuku wa nyumbani na kunywa maji ya chombo kimoja. Baada ya kuchinjwa, manyoya na matumbo yake hutupwa nyuma ya nyumba ambako wenzake huchakura.

Wa pili ni kuku wa zawadi anayeletwa na jamaa kutoka kijijini. Kumkataa ni utovu wa adabu, na hakuna sababu ya kumkataa. Kinachotakiwa ni kumtenga kama wengine.

Wa tatu ni kuku aliyepelekwa sokoni au mnadani akakosa mnunuzi na kurudishwa nyumbani. Kuku huyo alikwisha kukaa na kuku wa watu wengine, hivyo anaporudi ni mgeni kamili, hata kama alizaliwa katika banda hilo hilo. Ndivyo ilivyo pia kwa jogoo aliyeazimwa kwa jirani ili kupanda matetea.

Kabla ya kununua

Njia salama zaidi ya kuongeza kundi ni kutotolesha vifaranga kutoka kwa kuku wa nyumbani wenye afya. Njia inayofuata ni kununua vifaranga wa siku moja kutoka kiwanda cha kutotolesha kinachotoa maelezo ya chanjo, na baada yake ni kununua kwa mfugaji mmoja anayefahamika. Kuku waliokusanywa sokoni ndio wenye hatari kubwa zaidi.

Mnunuzi anayekwenda kwa mfugaji aombe kuliona kundi zima, si kuku mmoja tu aliyetolewa nje. Aulize chanjo gani zimetolewa na lini, na kama kuku wamekufa hapo katika miezi ya karibuni.

Kuku mwenye afya huwa na macho angavu, pua kavu, pumzi isiyokoroma na manyoya yaliyolala vizuri. Manyoya ya sehemu ya kinyeo yawe safi. Chini ya mabawa na kuzunguka kinyeo pakaguliwe chawa na utitiri, na magamba ya miguu yawe laini, yasiyoinuka wala kuwa na ukoko mweupe.

Ukaguzi huo husaidia kumkataa kuku anayeumwa. Hauwezi kumtambua yule aliyeambukizwa juzi, na kwa sababu hiyo hauwezi kuchukua nafasi ya karantini.

Siku 30 za kutengwa

Kanuni inayopendekezwa ni kumtenga kuku mpya kwa siku 30. Kipindi hicho kinavuka muda wa kujificha wa kideri, ambao hufika siku 15, na wa mafua ya ndege, unaohesabiwa kuwa hadi siku 14. Pia hutoa nafasi ya ndui na kuharisha damu kujitokeza, na ya kutibu minyoo na wadudu.

Eneo la kutengea liwe mbali na banda kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na upepo usivume kutoka huko kuelekea kwa kuku wa nyumbani. Katika viwanja vidogo vya mjini, tenga au kizimba kilichowekwa upande wa pili wa nyumba ni bora kuliko uzio wa wavu ndani ya banda moja, kwa kuwa wavu hauzuii vumbi, makamasi wala wadudu.

Vyombo vya maji na chakula, fagio na koleo viwe vya peke yake. Mhudumu aanze na kuku wa nyumbani, kisha amalizie na wageni, na baada ya hapo anawe mikono kwa sabuni na kubadili viatu. Akigeuza mpangilio huo, yeye mwenyewe ndiye atakayebeba ugonjwa.

Katika wiki ya kwanza kuku apewe dawa ya minyoo na ya kuua wadudu wa mwilini kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo. Kinyesi, ulaji na upumuaji wake viangaliwe kila siku. Kuku wengine wanaponunuliwa kabla ya siku 30 kwisha na kuwekwa hapo hapo, hesabu huanza upya kwa wote.

Kwa kuwa wapo wabebaji wasioonyesha dalili hata baada ya mwezi mzima, wataalamu hupendekeza hatua moja ya ziada. Mfugaji achukue kuku mmoja au wawili wa nyumbani na kuwaweka pamoja na wageni kwa wiki mbili. Kuku hao wakiugua, hasara ni ya mmoja au wawili. Wakibaki salama, kundi lote linaweza kuunganishwa kwa matumaini makubwa zaidi.

Chanjo ianze kwa wenyeji

Kinga ya uhakika dhidi ya kideri ni chanjo. Kwa wafugaji wadogo, chanjo inayofaa zaidi ni ile ya I-2 inayostahimili joto, ambayo mbegu yake ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya nchi zenye uhaba wa majokofu. Hapa nchini iliwahi kutengenezwa katika maabara ya veterinari ya Temeke, Dar es Salaam.

Chanjo hiyo hutolewa kwa kudondosha tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Kinga huhitaji wiki moja hadi mbili kujengeka.

Kutokana na muda huo, kuwachanja wenyeji siku wageni wanapowasili ni kuchelewa. Wachanjwe angalau wiki mbili kabla. Wageni nao wachanjwe wakiwa karantini iwapo wana afya, ikifahamika kwamba chanjo haimwokoi kuku ambaye tayari ameambukizwa.

Chanjo ya kideri haikingi ndui, Marek wala mafua. Kila ugonjwa una utaratibu wake, na ofisa mifugo wa kata ndiye mtu wa karibu wa kuulizwa.

Kuwachanganya

Wafugaji wengi wana desturi ya kumwingiza kuku mgeni bandani usiku ili asubuhi wenzake wamwone kama mmoja wao. Desturi hiyo hupunguza ugomvi, lakini haina msaada wowote dhidi ya maradhi, hivyo itumike baada ya karantini kumalizika.

Ni vyema kuingiza kuku wawili au zaidi kwa pamoja, kuongeza vyombo vya chakula na maji, na kuwaweka kwanza mahali wanapoonana bila kufikiana kwa siku chache. Kupigana huleta majeraha, na majeraha ni mlango wa ndui.

Ugonjwa ukishaingia

Kuku wakianza kufa ghafla, mfugaji asiuze, asigawe wala kuchinja waliosalia ili kuokoa fedha. Kufanya hivyo ni kuhamishia msiba kwa jirani na kuuweka ugonjwa katika mzunguko ambao siku moja utarudi kwake.

Wagonjwa watengwe, na mizoga ichomwe au kufukiwa katika shimo refu lisilofukuliwa na mbwa. Mizoga isishikwe kwa mikono mitupu. Ofisa mifugo aarifiwe mara moja, kwani Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inataka magonjwa ya mlipuko yatolewe taarifa. Uchunguzi wa maabara ndio unaoweza kutofautisha kideri na mafua ya ndege, kwa kuwa dalili zake hufanana.

Baada ya hapo banda lisafishwe, matandazo yachomwe, kuta na sakafu zipuliziwe dawa ya kuua vimelea, na liachwe tupu kwa wiki kadhaa kabla ya kuingiza kuku wengine. Na hao nao, kama ilivyo kwa kila mgeni, waanze na siku zao 30 upande wa pili wa nyumba.